Bi Mdogo Hataki Kutoka Uvunguni

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kaondoka juzi kwenda kwa binti yetu anayesubiri kujifungua. Kaniachia sufuria ya mchuzi, masharti mengi, na Bi Mdogo.

Bi Mdogo ni paka. Jina alipewa na mke wangu mwenyewe, mwaka ule binti alipokwenda shule ya bweni na nyumba ikawa kimya. Alisema: wenzangu huletewa na waume zao, mimi bora nijiletee mwenyewe, nichague ninayemtaka. Tangu hapo nyumba hii ina wake wawili, na mgeni ni mimi.

Maana Bi Mdogo ni mwoga kupita kiasi. Anaogopa ufagio. Anaogopa mfuko wa plastiki, kikohozi, mwavuli, na kivuli cha mwavuli. Lakini kuliko vyote ananiogopa mimi. Wala sijawahi kumgusa hata kwa unyoya! Mke wangu anasema ni harufu — narudi kutoka karakana nanuka vanishi na vumbi la mbao. Halafu sauti. Imezoea kushindana na msumeno wa umeme. "Wewe ukisalimia tu, watu hudhani kuna moto."

Leo bakuli lake halikuguswa. Kanuna. Anamlilia mwenziwe. Sawa — tutaona nani atachoka kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Tuna mjukuu! Wa kiume! Mke wangu kapiga simu asubuhi, analia na kucheka kwa pamoja, sikuambulia kitu ila "pua yako kabisa". Maskini mtoto wa watu.

Kisha kauliza: na mwenzangu je, hajambo? Nikasema hajambo. Kwa nini nimharibie siku?

Ukweli ni kwamba bakuli bado limejaa. Jioni nimelala kifudifudi na tochi, nikachungulia uvunguni mwa kitanda. Yuko kule kwenye kona ya ukuta. Mate yanamchuruzika. Shavu moja limevimba, kama mtu aliyeficha pipi. Aliponiona kajikunja mpaka akawa soksi. Akanitolea meno, lakini sauti haikutoka.

Huyu hajanuna. Huyu anaumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia daktari wa mifugo. Mwanamke, sauti ya upole, nyuma yake kuna mbwa analalamika. Kauliza paka hajala tangu lini. Nikamwambia. Anasema paka akikaa na njaa hivyo ini lake halichelewi kuharibika. Nimpeleke, nisingoje wiki ijayo. Nikamwomba aje yeye. Akasema kama ni jino, kuling'oa kunataka dawa ya usingizi na vyombo ambavyo hawezi kuvibeba mgongoni. Kisha akanionya: "Usimkimbize, mzee. Tafuta kwanza kitu cha kumbebea."

Kitu cha kumbebea! Anamwambia nani? Seremala! Nikaweka kando kabati la mteja, nikachonga sanduku. Mbao laini, kona nimezifuma meno kwa meno bila msumari hata mmoja, matundu ya hewa kwa safu, bawaba za shaba, na komeo dogo la kupendeza. Nikalipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unasinzia. Sijatengeneza kitu kizuri hivi tangu kitanda cha harusi ya binti.

Halafu — mjinga mimi — nikalipaka vanishi.

Nimeingia nalo chumbani jua likizama. Halijagusa sakafu — mshale! Kapita katikati ya miguu yangu, kapanda pazia, katua juu ya kabati la nguo. Kutoka kule akawa analitazama sanduku kama mtu aliyeonyeshwa jeneza lake.

Nami nilipolitazama vizuri… basi tu. Lina mfanano.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeaibika. Acha niandike yote, pengine itapungua.

Asubuhi nimevaa glovu za ngozi za kazini, nikachukua blanketi, nikaweka stuli juu ya kiti. Najua! Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza karakana. Nikaanza kwa maneno matamu. "Bi Mdogo, shuka mpenzi." Wapi. "Bi Mdogo, usinifanyie hivi. Mwenyewe akirudi akakukuta katika hali hii, mimi nitasema nini?" Kaniangalia, mate yanadondoka kwenye shati langu la sikukuu lililoning'inia. Nikanyoosha mkono. Karuka, kazama uvunguni. Kiti kikaenda kwake, stuli kwake, mimi kwangu. Nimeangukia ndoo. "Bi Mdogo, utaniua!" nikapiga kelele, na kelele zangu ndizo hizo, mtaa wa pili wanasikia.

Mlango ukagongwa. Haikuwa hodi ile, ilikuwa mizinga.

Ni msusi, jirani yetu mpya. Kahamia mwezi uliopita, hatujazoeana zaidi ya salamu. Kasimama kashika kiuno, kitana kimechomekwa kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani. Si tabia yangu kuingilia ya watu. Ila ukuta wetu ni mwembamba. Mama kaenda kulea uzazi, hata kiti chake hakijapoa, na wewe ushaleta mwingine? Tena mnapigana?"

Nikauliza: Mwingine nani?

"Huyo Bi Mdogo! Tangu asubuhi nasikia mpenzi-mpenzi, sasa utaniua-utaniua. Mwambie atoke, nimsindikize kwao kwa usalama."

Nikamwambia aingie amtoe mwenyewe, mimi kanishinda. Kaingia na hasira za wanawake wote duniani. Hamna mtu sebuleni. Hamna mtu chumbani. Nikamwonyesha uvungu. Kapiga magoti, kachungulia. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Kacheka yule! Kakaa sakafuni, kaegemea kitanda, kafuta machozi kwa khanga yangu ya kufutia vumbi. "Na mama anajua," akauliza, "kwamba mume wake anabembeleza vizuri hivi?"

Kachungulia tena, akaacha kucheka. Akasema polepole: "Mzee, huyu anaisha."

Tukampigia daktari pamoja. Katuelekeza: chumba kidogo kisicho na pa kujificha, kapu lenye nguo ya yule anayempenda, na mtu akae naye bila kumtazama wala kumshika. Akauliza kitu cha kumbebea vipi, nikamweleza lile sanduku. Nilipotaja vanishi aliniomba nirudie. Kisha akakohoa kwa muda. Nadhani hakikuwa kikohozi.

Basi bafuni. Msusi kafunga milango yote isipokuwa huo, akatikisa ufagio upande wa pili wa kitanda, taratibu, na Bi Mdogo akakimbilia mwenyewe. Nikaingiza tenga la nguo, lile lenye kifuniko, ndani yake gauni la kulalia la mke wangu. Bakuli la maji. Nimemwachia taa.

Mimi nitaoga karakana.

Msusi akiondoka: "Lala salama, mzee. Nisalimie wake zako."

Jumamosi, 8 Machi

Tangu asubuhi nimekaa bafuni juu ya ndoo niliyoifunika, uso kwa vigae, mgongo kwa mgonjwa. Nguo safi. Nimejisugua kwa sabuni mara mbili, sina harufu yoyote, hata mwenyewe sijijui.

Mwanzo sikujua nifanye nini. Nikajaribu kupiga mluzi — nikasikia kucha zinaparuza ukuta. Nikaacha. Nikajaribu kuongea chini chini. Kumbe ni kazi! Sauti yangu ya chini haijatumika miaka, ilitoka na kutu. Nikamwambia habari za mjukuu. Nikamweleza kuhusu pua. Nikamwambia kwamba yule mteja wa kabati kabadilisha mawazo kuhusu rangi, na kwamba binadamu ni wa kuvumiliwa tu. Halafu, sijui limetoka wapi, nikamwambia na mimi silali vizuri. Kile kitanda nimekichonga mwenyewe na sikujua kama ni kipana hivi.

Muda ukapita. Mguu mmoja umekufa ganzi. Nikasikia tenga linalia, kwii. Sikugeuka. Likalia tena. Nikageuza jicho moja tu, kama mwizi: kaingia, kichwa kakitia ndani ya mkono wa gauni, nje imebaki mikia — namaanisha mkia, niliona miwili, machozi haya ya sabuni.

Nikaweka kifuniko.

Msusi alikuwa kashaita teksi. Bi Mdogo kalia njia nzima, kilio kirefu cha mtu anayeporwa urithi. Hapo sauti aliipata! Dereva kapunguza mwendo, kanitazama kwenye kioo.

"Mzee, ni mtoto huyo?"

"Ni paka."

"Afadhali." Kisha baada ya kona moja: "Hatoki humo, eh? Mimi na paka hatuelewani." Jitu zima, shingo nene kama gogo. Nikamwambia asijali, mle ndani kuna mwoga zaidi yake.

Jumamosi hiyohiyo, kwa daktari wa wanyama

Daftari hili nimelitia mfukoni, sasa ndiyo kazi pekee ya mikono yangu.

Daktari ni mfupi kuliko sauti yake. Hakumtoa Bi Mdogo. Kafungua kifuniko nusu, kampima hukohuko juu ya gauni. Kasema jino limeoza mpaka mfupani, kuna usaha. Kisha kaweka kile chombo chake kifuani pa paka, kasikiliza. Kahamisha. Kasikiliza tena. Moyo haupigi sawasawa, anasema. Ni mzee. Dawa ya usingizi ina hatari. Kumwacha hivi kuna hatari zaidi. "Nani wa kuamua, baba? Ni wako?"

Nikatoka koridoni nikampigia mke wangu. Nikamwambia yote, na ule uongo wa Jumatano pia. Nyuma yake mjukuu anadai haki zake.

"Kambeba nani?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Mwenyewe?"

"Ndani ya gauni lako."

"Kakukwaruza?"

"Leo hapana."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nilingoja nigombezwe, ningepokea. Badala yake kasema, kwa ile sauti anayoitumia akinitania, ila imelowa: "Basi amua wewe, Fundi. Mimi niko mbali. Wewe ndiye unayemwona macho."

Nikarudi ndani. Nilimwona macho. Nikasema aling'oe.

Wamemchukua. Kwenye benchi tuko mimi, bibi mmoja na kasuku asiyesema, na mbwa mkubwa anayetetemeka. Tumekaa kama ndugu.

Daktari katoka. Jino limetoka, lote. Moyo umestahimili. Lakini anachelewa kuamka, anasema, na joto limeshuka. Wamemfunika. Kaniuliza kama ninaweza kukaa naye, nimwongeleshe. Nikamwambia ukweli: daktari, sauti yangu ndiyo inayomkimbiza. Kajibu: "Akikimbia nitafurahi."

Niko ndani. Kalazwa juu ya meza, ulimi nje kidogo, mdogo kuliko nilivyodhani. Nilidhani ni paka mkubwa. Kumbe ni manyoya.

Nimeongea. Mjukuu nimemaliza. Mteja nimemaliza. Mvua, bei ya mbao, dereva wa teksi, vyote nimemaliza. Sasa namfundisha kupiga randa: unafuata uzi wa mbao, usishindane nao, ukiona unapasuka ujue umeanzia upande usio wake. Sikio limetikisika. Au ni feni.

Daktari kapita, kagusa mbavu. Kasema niendelee.

Nimeweka mkono wa kushoto karibu na kidevu, si kumgusa, karibu tu. Akasogea. Kichwa kikateleza, kikatua juu ya kiganja changu, chenye sugu na alama za vanishi ambazo hazitoki kwa sabuni yoyote. Jicho moja limefunguka, jembamba, likaniangalia. Likafumba. Sijui kama kanijua. Sijui kama ni yeye au ni dawa.

Simu inalia, mfuko wa kushoto. Ni mke wangu, najua mlio wake. Ikakatika. Inalia tena.

Mkono wa kushoto hautoki hapa. Naandika kwa wa kulia, na naongea. Tumefika kwenye msasa