Eliya Anataka Minyoo ya Usoke

Shangazi Amne mpendwa, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi tusameheane tuendelee. Mimi ni mama yake Eliya wa hapa Ntalikwa, na ukiuliza Eliya yupi watakuambia yule Bwana Nyuki wa Ipole, maana ndiye mtoto wangu wa kwanza, amesoma mpaka serikali ikamwajiri, wafuga nyuki wenye mvi wanamsikiliza, na mimi wa darasa la saba ndiye niliyemzaa. Sasa mwaka jana alishikwa na tumbo, anaharisha damu, tukadhani amiba, dawa za amiba akanywa, wapi, mpaka hospitali kubwa wakamwingiza kamera wakasema utumbo mpana umevimba una vidonda, siyo wadudu, ni kinga ya mwili wake mwenyewe inapigana na utumbo, akapewa vidonge vya kila siku na mimi nikaanza kumpa mgando wangu, na mgando wangu siyo wa dukani, nakamua mwenyewe, nagandisha kwenye kibuyu alichoniachia mama mkwe, maziwa hayajaguswa na moto hata kidogo, na mtoto akapona akanawiri, nikaitangazia kwaya nzima pale kanisani Moraviani, wakaanza kuja na chupa.

Basi yuko likizo kwangu, akasoma kwenye simu kwamba Ulaya matumbo kama lake yamezidi kwa sababu watu hawana minyoo, na kwamba madaktari wa huko wamewanywesha wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe ili ile kinga ipate kazi nyingine iache utumbo, na bakteria wazuri wa mgando nao wanatuliza, nikaona kumbe nilikuwa mbele ya wazungu. Vidonge ameviweka kabatini. Anasema atakwenda kwa kaka yangu Limbu, Usoke, atembee pekupeku kwenye matope ya vitalu vya tumbaku kule mtoni, ambako watoto wa vibarua wana safura, mpaka minyoo imwingie kwa miguu. Limbu alicheka akakaa chini, akasema, "Dada, minyoo tumeishi nayo miaka yote, hajatokea mtu wa kuiomba." Lakini nikikubali mimi atampokea Jumamosi.

Eliya ananibembeleza, "Mama, si wewe uliyeniponya kwa mgando? Basi niamini na hili."

Na ukimwona utampenda, kapungua kidogo kawa na umbo la kijana, na adabu ndiyo imezidi, siku hizi anafua mashuka yake mwenyewe alfajiri kabla sijaamka, mwanamume gani wa Tabora anafanya hivyo? Limbu anangoja neno langu na mimi nangoja lako. Nimruhusu?

Mama Eliya, Ntalikwa

*

Mama Eliya, marahaba, na hongera kwa kulea. Sasa kaa.

Mwanamume mzima anayefua mashuka alfajiri kabla mama yake hajaamka, tena mwenye ugonjwa huo, inaelekea anatoka damu na hataki uione. Kupungua kwake siyo umbo. Vidonge vimeingia kabatini, ugonjwa umetoka, na wewe unanisimulia kwa kujisifu. Sikulaumu kwa kumpenda. Nakulaumu kwa kutotazama.

Alichosoma hakukibuni. Watafiti walijaribu kweli hayo mayai. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, lakini mengine makubwa yaliyofuata hayakuonyesha kwamba yanashinda dawa tupu ya kulinganishia, isiyo na kitu ndani. Na yale mayai yaliandaliwa maabara, yakahesabiwa, ya mnyoo usiokaa sana kwa binadamu, daktari yuko pembeni. Minyoo ya safura inakaa miaka na chakula chake ni damu. Kijana anapoteza damu, wewe unamtafutia wa kuinywa? Tena matope hayachagui. Yatampa na minyoo mingine, na kuna ile inayoweza kusambaa mwili mzima kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga, ambazo wagonjwa kama yeye hupewa wakizidiwa. Mbali na hayo, vitalu vya tumbaku hupigwa sumu ya wadudu. Muulize Limbu, anajua.

Mgando wako ni mtamu, naamini. Lakini kama kuna kilichomtuliza, mimi nakisia ni vile vidonge, na mgando ulikuwepo tu ukapata sifa. Wapo bakteria wa aina maalumu waliosaidia baadhi ya wagonjwa, tena pamoja na dawa, siyo badala yake. Kibuyu chako hakuna anayejua kina bakteria gani, na maziwa mabichi ndiyo yanayoleta kwa watu ule ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe. Kwaya nayo iambie hivyo hivyo, kwa sababu ni wewe uliyewaita.

Mpigie Limbu leo umwambie hapana. Usingoje Jumamosi. Halafu mwite Eliya faraghani, usimgombeze, mwambie unajua siri ya mashuka. Kesho asubuhi mwende wote kwa daktari yule yule wa kamera, vidonge mkononi, mumweleze ameviacha tangu lini, na hayo ya minyoo amuulize yeye. Akitoka damu nyingi, au akishikwa na homa au maumivu makali ya tumbo, kesho ni mbali, nendeni saa hiyo hiyo. Na akiona haya kutaja damu mbele ya daktari, taja wewe. Kumsifu mwanao mbele za watu hujawahi kushindwa, na safari hii sema hata yale yasiyopendeza.