Mikunjo ya Gauni la Kijani

Jumanne, 4 Machi

Tabaka la tatu la picha ya Mama limekubali! Nimeipaka blauzi ya Mama wino kwa rola, nikailaza kifudifudi juu ya shuka, nikaikanyaga kwa miguu mitupu kutoka kola hadi pindo. Nilipoibandua — kiwiko chake hicho, na mikunjo yote, juu ya sketi ya jana na aproni ya juzi. Bado gauni la kijani tu. Alilivua asubuhi ya kupelekwa hospitali, hakurudi kulivaa. Miezi minne limo kabatini vile vile, limekunjamana, na doa la chai mapajani. Hilo ndilo litakalokuwa juu ya yote.

Jumatano, 5 Machi

Dada amelifua!

Amelifua, amelipiga pasi, amelitundika kwenye hanga. Eti alipita kunisaidia usafi. Nani alimwita?

Alhamisi, 6 Machi

Simu zake sipokei. Apige mpaka achoke.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelitazama tena. Limenyooka kama la dukani. Nguo tu, hamna mtu ndani.

Dada kapiga, nikapokea ili nimpe vidonge vyake. Nikamwambia amemfua Mama akammaliza. Halafu naye akawaka: lini nilimwona Mama akitoka na nguo yenye makunyanzi? Na doa lile si chai. Yeye ndiye aliyemvua siku ile, Mama analia kwa aibu, amejilowesha. Nilitaka kuwatundikia watu aibu yake ukutani?

Nikakata simu. Mbona hakuniambia? Miezi minne! Nina hasira, na sijui hata namkasirikia nani.

Jumapili, 9 Machi

Dada kaingia bila hodi. Kalitoa gauni kwenye hanga, kalivaa juu ya nguo zake, kaketi kwenye kiti cha Mama, viwiko mezani, kanuna. Eti nilitaka mikunjo, basi ningoje. Sikuwahi kuona kwamba ana mabega ya Mama.

Zimepita saa mbili. Imekuja — kiwikoni, pale pale! Wino unaanza kukauka. Nimemwambia vua. Hataki. Nimemfokea. Amejikumbatia tu, ameinamia mikono ya gauni, analia, analikunja zaidi na zaidi mapajani, na mimi naandika nimesimama, rola kwapani, kwa sababu kumvua kwa nguvu siwezi, na kumwacha peke yake siwezi.