Mjane Niliyemvika Nyekundu

Mpendwa mshauri,

Bwana Mwenyezi atukuzwe, aliyetuvusha salama hadi siku ya leo. Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako, na baada ya salamu naomba msaada, kwa maana mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, nimekuwa katekista kwa miaka thelathini na moja hadi nilipostaafu, na sikutegemea kwamba katika umri huu ningenyooshewa kidole kwa sababu ya koti la mtu niliyemtunga mwenyewe kichwani.

Kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yetu niliandika mchezo wa kuigiza juu ya mjane aitwaye Marieta, ambaye anavua nguo nyeusi kabla mwaka wa maombolezo haujatimia, anavaa koti jekundu, anatundika mapazia ya njano yanayoonekana tangu barabarani, na mwishoni anatubu na kuvaa nyeupe. Na kila rangi niliipangia maana yake kwa makini, nyekundu ikiwa tamaa, njano ikiwa majivuno, nyeupe ikiwa toba iliyopokelewa, kwa kuwa nilitaka hata asiyejua kusoma apate fundisho kwa kutazama tu.

Marieta alipoingia jukwaani, mama mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Yesu wangu! Si koti la Mama Bernadina hilo?" na mwenzake akamjibu, "Na pazia lake, ona! Wamesahau kuku wake tu," ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami niliyekaa mbele nikadhani wanaufurahia mchezo, hadi nilipogeuka nikamwona Bernadina mwenyewe akitoka, na koti lake jekundu mwilini.

Bernadina ni mjane anayeishi mtaa wa Jorodom. Mumewe alifariki Oktoba 2023, na kabla ya miezi miwili kutimia matope yaliyoporomoka mlimani yakaingia nyumbani kwake yakabeba kila kitu, nguo zake za msiba zikiwemo. Koti lile alilipata siku tulipogawa nguo za msaada pale parokiani, nami nilikuwa kwenye kamati, nimevaa kanzu yangu nyeupe, na mapazia aliyakata kutoka kwenye shuka la msaada huohuo. Ni kweli maneno yalikuwepo mtaani kwamba ameacha nyeusi mapema, lakini nathibitisha mbele za Mungu kwamba sikumfikiria yeye nilipokuwa naandika.

Nilikwenda kumweleza. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo, Katekista," nikaitikia, akasema, "Karibu. Ila kaa mbali na dirisha, usije ukaonekana na pazia la njano." Nikaanza kumfafanulia maana ya rangi katika maandishi, akanikatiza: "Mimi nilikuuliza siku ile, 'Katekista, hakuna jeusi?' Ukaniambia, 'Chukua hilo, mama, wenzako wanasubiri.'" Maneno hayo siyakumbuki kabisa. Kisha akaniwekea koti mapajani, limekunjwa vizuri, limefuliwa, akasema nilirudishe kwa Marieta. Tangu hapo haji kwenye jumuiya, haji kwaya, na Misa ya Jumapili ameiacha.

Nimeudhika sana, mshauri. Kigango cha Nangwa wanautaka mchezo mwezi ujao. Yoakimu, mwalimu wa kwaya anayeongoza waigizaji, ananiambia, "Mzee, ukiondoa nyekundu umeondoa utamu." Mke wangu Letisia ananiandalia chakula na kuondoka bila neno. Je, nilifanye koti kuwa la kijani? Au mwandishi hana tena haki ya kumvika mtu wake rangi anayoitaka?

Evarist, katekista mstaafu, Katesh.

JIBU

Ndugu yangu Evarist, amani ya Bwana iwe nawe. Nami nina umri kama wako, kwa hiyo utanivumilia nikisema bila kuzunguka.

Haki unayoiuliza unayo. Marieta hana mwili na hasikii baridi ya Katesh. Bernadina aliisikia. Ukilifanya koti kuwa la kijani, watu wa Nangwa watauliza kwa nini limebadilishwa, na watakaowajibu watamtaja Bernadina kwa jina.

Naona unavyoumia, kwa kuwa kazi ya mikono yako imechekwa vibaya. Lakini umejaza karatasi kwa maana za rangi, na foleni ya msaada umeipita mbio. Unasema huyakumbuki maneno yake. Mimi nayaamini. Mwanamke ambaye matope yamechukua hata nguo za kumlilia mumewe hasahau jibu alilopewa alipoomba nyeusi.

Siku ile hukukosa, ikiwa nyeusi haikuwepo. Ulikosa uliposikia mtaa unamsema, nawe ukiwa shahidi wa ukweli, ukanyamaza. Kisha ukaketi mezani ukayaandika masengenyo yale kana kwamba ni fundisho! Miaka thelathini na moja umewaambia watoto kwamba nyekundu ya Pentekoste ni moto wa Roho na damu ya mashahidi. Ulipofika kwa mjane, maana hizo ulizipeleka wapi? Na mkeo ananyamaza kwa sababu ameliona hilo kabla yangu.

Sasa fanya hivi. Mchezo wa Nangwa usimamishe leo. Ruhusa ya Yoakimu huihitaji. Nenda Jorodom pamoja na Letisia, na usifafanue rangi hata moja. Sema tu, "Mama, koti hili nilikupa mimi, na nikakufanya uchekwe kwalo. Nisamehe." Koti usimrudishie kwa nguvu. Akilikataa, mnunulie jingine la rangi atakayoitaja yeye, na usimuulize sababu. Kisha, akikuruhusu, simama mbele ya watu walewale, katika ukumbi uleule, useme ni nani aliyeligawa koti lile.

Ukirudi kwenye kalamu, na urudi, anza na onyesho ambalo hukuliandika: matope, foleni, mama anauliza, "Hakuna jeusi?" na mwanamume anayemjibu bila kuinua macho. Mwanamume huyo mvike kanzu nyeupe.

Mungu wa wajane na akulainishe moyo, aibariki nyumba yako na meza anayokuandalia Letisia, na aibariki nyumba ile ya Jorodom, na kila aliye nyuma ya pazia lake la njano. Amina.