Mlango Usipofunguka

Mwanangu wa kwanza, mrithi wa pua yangu,

Kile kikompyuta chako cha ukubwa wa kiberiti kilifika salama. Fundi simu wa hapa mtaani akaniambia, "Mzee, hiyo inatumia Linux, mfumo wa mafundi wa kompyuta, utaiweza wewe?" Nikamjibu, "Kaa pembeni ujifunze." Kadi ya memori niliichomeka mwenyewe, amri zako nikaziandika herufi kwa herufi kwa kidole kimoja, waya nikaufunga kwenye mlango wa chumba changu. Tena kompyuta yenyewe nimeiwekea maneno, kila ikiwaka inaniandikia "Karibu Bosi."

Ulisema mlango usipofunguka mpaka saa tatu asubuhi, itakutumia ujumbe ujue baba ana shida. Basi nikaijaribu, si unanijua na utani wangu? Nilijifungia siku mbili na mkate, chupa ya chai, na ndoo, ya nini usiniulize. Nilijiandaa kukucheka ukipiga simu huku unahema.

Hukupiga.

Nikadhani nimekosea herufi, nikampelekea fundi. Akaipekua, kisha yeye mwenye mdomo kama redio akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, umeifunga vizuri kuliko mimi. Ujumbe umetumwa mara mbili. Na umesomwa."

Nikamwambia una kazi nyingi. Halafu akanionyesha pa kubadilisha namba inayotumiwa ujumbe, nikabadilisha kwa mkono wangu. Sasa mlango usipofunguka ataitwa mama muuza maji wa chumba cha pili. Yeye huwa anakuja kugonga.

Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako, mzima