Msichana wa Mlango Mwekundu

Mesquite Flats, Arizona
Mwezi wa Februari

Kaka yangu mpendwa Wendell,

Pokea salamu zangu wewe pamoja na wifi yangu Bettye. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba baridi ya Kansas mwaka huu imelihurumia goti lako. Nilisikia theluji ilifika hadi madirishani. Je, paa la ghala limestahimili? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, natembea, jua la huku linanipa uhai kila asubuhi. Habari ya moyo nitaifikia. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu najua masikio yako yamechoka, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele. Tafadhali keti kwanza, na Bettye akae karibu nawe.

Umenisema miaka mingi, kaka yangu, kwa tabia yangu hii ya kuja jangwani kila msimu wa baridi unapoanza. Bado nakumbuka ulivyomwambia Bettye mezani, nami nikisikia, kwamba dada yako Nadine amezeeka vibaya, anaburuta nyumba kwenye magurudumu kwenda kusikiliza wazee wanaodanganyana kuhusu barabara. Nilicheka, maana ni kweli tunadanganyana. Lakini ulijua kilichonileta. Tangu mdogo wetu Corliss aondoke na lile gari akiwa bado msichana, nilijiambia kwamba watu wa barabara huonana. Wanakutana kwenye vituo vya petroli, wanaazimana maji na jeki, wanakumbukana kwa sura na kwa magari. Nikasema, nikikaa nao vya kutosha, ipo siku hadithi ya mtu itapita pale alipopita yeye.

Hapa kambini desturi ni moja. Baada ya kifungua kinywa, Peg Oyler, mjane anayetupikia kahawa kwenye sufuria kubwa, hugonga kifuniko kwa mwiko, nasi huvuta viti kuzunguka benchi lililong'olewa kwenye basi bovu. Atakayekaa kwenye benchi ndiye mwenye maneno, wengine wote ni wachokozi. Peg mwenyewe hupenda kusimulia alivyomsahau mumewe kwenye kituo cha petroli Wyoming, akaja kugundua yuko peke yake akiwa ameshaingia Montana. Tukimuuliza ilikuwaje asigundue, hujibu, "Kulikuwa na utulivu mzuri mno mle garini, nikadhani Mungu amenijibu sala." Hayo ndiyo maisha yetu. Watu wanacheka, jua linapanda, kila mtu anarudi kwenye gari lake la kulala akijiona kijana.

Mwaka huu alikuja mzee mgeni kutoka Minnesota, jina lake Harlan Stovick, pamoja na mkewe Ardith. Harlan ni mrefu, ana mikono kama makasia, na ana ulimi mtamu kuliko watu wote niliowahi kuwasikia. Kwa wiki moja tu benchi likawa lake. Ardith hukaa nyuma yake akifuma soksi, haongezi neno, hapunguzi. Nilimpenda Harlan, Wendell. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Asubuhi moja Peg alimchokoza. Akamwambia, "Mzee, umetusimulia milima yote na mabonde yote, hujatuambia fungate yako ilikuwaje. Au ulifukuzwa chumbani?" Watu wakapiga makofi. Harlan akamtazama mkewe, akasema, "Ardith, niwaambie habari za mchumba wangu wa Utah?" Ardith hakuinua macho. Akajibu, "Sema unavyotaka, ndivyo ufanyavyo siku zote."

Basi akasimulia. Walikuwa wamefunga ndoa mwezi wa Agosti, wakazunguka nchi za magharibi kwa gari la baba yake. Kwenye njia panda moja kusini mwa Utah, penye duka la mbao na pampu moja ya petroli, wakamkuta msichana amefungua boneti, rejeta inatoa mvuke kama birika. Harlan akashuka kumsaidia. Alisema msichana yule alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, ana mdomo usiochoka. Kila alichomwambia alijibu, "Sawa, Gavana. Nimekuelewa, Gavana." Harlan akamwambia yeye si gavana, ni seremala. Msichana akamjibu, "Kwetu mtu yeyote mwenye maji ni gavana."

Wendell, hapo ndipo nilipoweka kikombe changu chini. Nani mwingine katika dunia hii aliwaita watu hivyo, kama si baba yetu, na Corliss aliyemuiga baba kwa kila kitu?

Harlan akaendelea. Msichana alikuwa na haraka ya kwenda mashariki, na barabara kuu ilizunguka milima yote. Harlan alikuwa amesikia kwa wachunga ng'ombe habari za njia ya mkato ipitayo ndani ya korongo la Tarrant, inayookoa karibu nusu siku. Akajitia mjuzi. Akamchorea ile njia kwenye mfuko wa karatasi, hapa kata kushoto, hapa utaona mwamba kama nguruwe aliyelala. Msichana akafurahi, akamrukia, akambusu kwenye paji la uso mbele ya bibi harusi, akaingia garini na kutokomea. "Na huyu hapa," Harlan akasema akimwonyesha mkewe kwa kidole gumba, "alininunia hadi Colorado!" Watu walicheka hadi Peg akamwaga kahawa.

Nilimuuliza gari lilikuwa la namna gani. Harlan akajibu mara moja kwamba lilikuwa la buluu, kuukuu, ila mlango wa upande wa abiria ulikuwa mwekundu kama nyanya, kama ulioibwa kwenye gari jingine.

Haukuibwa. Wewe uliununua kwa mzee wa vyuma chakavu pale Salina, ukaufunga mwenyewe uani, Corliss akikushikia spana na kukuimbia.

Siku ile sikumwambia mtu chochote. Kesho yake nilimkuta Ardith peke yake mahali pa kufulia, nikamuuliza kuhusu msichana yule. Aliacha nguo zake, akakaa juu ya kapu. Aliniambia kwamba jioni ile ya Agosti, wakiwa bado wanaiona ile milima nyuma yao, mbingu ilikuwa nyeusi juu ya korongo na radi inapiga mfululizo. Harlan alikuwa anaimba, hakugeuka. Yeye Ardith aligeuka. Aliliona lile wingu, akanyamaza, kwa sababu alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na mumewe alikuwa na alama ya rangi ya midomo ya msichana mwingine usoni. Amekuwa akiisikia hadithi ile maisha yake yote ya ndoa, na kila watu wanapocheka yeye huhesabu mishono ya soksi. Akanishika mkono. "Wewe ni nani wake?" akaniuliza. Nilipomwambia, hakulia. Alisema tu, "Nilijua ipo siku atatokea mtu. Dada, nakusihi, usimwambie mzee wangu. Moyo wake umeshafanyiwa upasuaji. Hadithi hii ndiyo anayoipenda kuliko zote."

Sikumwahidi kitu. Nilikwenda kwa Harlan nikamwambia nataka kuiona njia ile. Alifurahi kama mtoto! Akasema kwa muda mrefu ametafuta kisingizio cha kurudi kule. Tukaondoka sisi watatu kwa gari lake. Njia nzima alisimulia, alinunua pai kila tulipopumzika, alimtania Ardith kwamba leo anampeleka kwa mke mwenza. Ardith alikaa kiti cha nyuma, ameinamisha uso. Tulilala njiani, na asubuhi ya pili tukafika kwenye njia panda.

Duka halipo. Pampu haipo. Mwamba kama nguruwe upo, kaka yangu, na kweli unafanana naye. Tukakata kushoto. Tulikwenda mwendo mfupi tu, njia ikaisha. Haikuishia kwenye uzio wala kibao. Iliingia chini ya mchanga na mawe, mawe makubwa kama ghala lako, yamejaza korongo kutoka ukuta huu hadi ule, na juu yake imeota miti ambayo sasa ni mizee. Tulishuka. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa akirekebisha waya pale jirani alituambia, tulipomuuliza, kwamba mafuriko yalileta mlima mzima mle ndani kabla yeye hajazaliwa, mwezi wa Agosti, kwa jioni moja. Babake alimsimulia. Hakuna aliyeripotiwa kupotea, akasema, kwa hiyo hakuna aliyechimba.

Harlan alimuuliza mwaka gani. Yule mtu akautaja.

Nilimwona mzee yule akihesabu. Alitazama mawe, akamtazama mkewe, na Ardith akageuza uso. Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza taratibu, "Bibi, mbona ulitaka kujua gari lilikuwaje?" Nikamwambia, "Alikuwa mdogo wangu." Sikupanga kumwambia, Wendell, wala sikupanga kutomwambia. Alivua kofia. Upepo ulimpuliza nywele zake chache, na mimi nilitafuta hasira moyoni nikaikosa. Alimpa maji, akamwonyesha njia. Yeyote kati yetu pale kwenye benchi angefanya hivyo hivyo, na angejisifu.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nikwambie uketi. Tulipokuwa tunarudi, Harlan alisema kuna sehemu ya hadithi ambayo hakuwahi kuwasimulia watu kwa sababu haichekeshi. Alipokuwa akimimina maji kwenye rejeta, alimuuliza yule msichana anakimbilia wapi. Naye akaacha utani, akaketi kwenye kizingiti cha gari, akalia. Alimwambia anarudi nyumbani. Alisema alimtolea mama yake maneno mabaya sana siku ya kuondoka, na kwamba Jumapili ni siku ya kuzaliwa ya mama. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa na sanduku la mapichi, amelifunika kwa blanketi lililoloweshwa maji ili mapichi yasioze kwa joto, kwa kuwa mama hupenda mapichi. Alikuwa hataki kusimama njiani. Ndiyo maana Harlan alimtafutia njia fupi.

Alikuwa anakuja kwetu, Wendell. Hakututupa. Miaka yote mama aliyogeuza picha yake ukutani, na kukataza jina lake lisitajwe mezani, na kufa akisema Corliss anakula vizuri huko aliko na ametusahau, Corliss alikuwa pale chini. Ningependa kukwambia kwamba kujua hivi kumeniletea faraja. Nimeitafuta, sijaipata. Mama hayupo wa kuambiwa. Nilimpigia mkuu wa polisi wa wilaya ile. Alinisikiliza kwa heshima, akasema hakuna mashine itakayoyainua mawe yale, na hakuna atakayeruhusu.

Harlan halikalii tena benchi. Peg alijaribu kulikalia yeye, watu wakacheka kidogo kwa adabu, wakarudi kwenye magari yao. Baadhi wameshaanza kung'oa kambi kabla ya wakati. Ardith ameacha kufuma. Kila asubuhi mzee yule huja na kiti chake, anakaa nje ya mlango wangu. Nami simkaribishi ndani wala simfukuzi. Namletea kahawa, inapoa mkononi mwake.

Unaniuliza kila mwaka nitaacha lini kuzunguka. Naweza kuacha sasa, maana sina tena mtu wa kumtafuta, lakini sijui niende wapi, na sijui nikifika nifanye nini. Usije huku, goti lako halitaweza, na hakuna cha kuona.

Nisalimie Bettye, nisalimie watoto na wajukuu, mjukuu mdogo mbusu kwa niaba yangu. Ukienda makaburini, usimwambie mama lolote. Mwache. Ila picha, kaka yangu, ile ya Corliss iliyobaki ukutani pale ngazini, igeuze.

Dada yako akupendaye,
Nadine