Sauti Niliyoitunzia Mashine

Jumatatu, 3 Mei 1999

Asubuhi nzima kusoma kwa sauti. Kiingereza. Kipaza sauti cha kuvaa kichwani kimenibana sikio. Mashine imeandika karibu yote niliyosema, ila karibu haitoshi kwenye mkataba wa kuuza kiwanda. Ofisini siku hizi kazi ni hiyo tu: mashirika ya umma yanauzwa, wanunuzi wanataka kila karatasi kwa Kiingereza, na mfasiri ni mimi mwenye mkono mmoja.

Hapa naandika kwa kushoto. Mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Wa kulia umelala tangu kiharusi cha mwaka jana. Kuchapa kwa kushoto, ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi. Ndiyo maana mkurugenzi ameagiza programu hii: unasema, kompyuta inaandika. Jumatatu ya tarehe 24 wateja wanakuja kuniona nikifanya kazi. Nikifaulu, ajira ipo. Nikishindwa, anachukua mtu mwenye mikono miwili. Hakunificha. Namshukuru kwa hilo, nusu.

Alhamisi, 6 Mei

Mashine haikipendi Kiingereza changu cha misheni ya Masasi. Watu wamekisifu tangu nikiwa kijana. Yenyewe inataka cha kwao, cha puani. Nikisema kwa puani, inaandika. Nikijisahau nikasema kama mimi, upuuzi mtupu. Nikajaribu sentensi moja ya Kiswahili, kwa utani. Ikatoa mstari wa Kiingereza usio na kichwa wala miguu. Kimakonde sikuthubutu.

Fundi aliyeifunga amenionya. Hadi tarehe 24 niutunze mdomo: nisipige kelele, nisiimbe, nisichanganye lugha. Sauti ikibadilika, mashine hainijui tena. Alisema kama daktari anayempa mtu dozi.

Jumapili, 9 Mei

Sikuimba kanisani. Mwalimu wa kwaya alinikazia macho ibada nzima.

Mchana, hapa nyumbani Tandika, nikamwomba mke wangu Veronika chumvi kwa ile sauti ya ofisini. Sikukusudia. Akaweka mwiko chini.

"Baba Tekla, mie nimeolewa na wewe au na Mzungu?"

Watoto wakacheka. Nami nikacheka, lakini iliniuma.

Mama yuko barazani kwenye mkeka wake. Alikuja kutoka Masasi baada ya Pasaka, anatibiwa moyo. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Kimakonde humu ndani tunakijua yeye na mimi tu. Kila asubuhi nilikuwa namsalimia, anaitikia, na kila jioni tunapiga soga hadi taa ziwashwe. Sasa nakaa naye kimya, nimemshika mkono. Namwogopa fundi kuliko ninavyomwogopa Mungu.

Jumatano, 12 Mei

Makosa yamepungua sana. Maji ya vuguvugu na asali. Siwafokei watoto. Wameshagundua, wanapanda hadi juu ya kabati.

Ijumaa, 14 Mei

Jioni Mama aliniuliza, kwa Kimakonde, taratibu kwa sababu pumzi haimtoshi:

"Mkono ulikwenda, tukanyamaza. Na mdomo nao umekwenda?"

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha koo, kwamba nalitunza, ni kwa ajili ya kazi. Hakuelewa. Au alielewa. Akageukia ukutani.

Naona aibu. Bado wiki moja na kidogo tu, najiambia. Ikipita, nitaongea naye hadi anifukuze.

Jumatano, 19 Mei

Mama amefariki alfajiri.

Veronika ndiye aliyekuwa naye. Anasema Mama aliomba kitu, kwa Kimakonde. Hakumwelewa. Akakimbia kuniamsha. Nilipofika ilikuwa basi.

Sijui alitaka nini. Labda maji.

Alhamisi, 20 Mei

Turubai, viti vya kukodi, masufuria ya jirani. Nimekaa na wanaume, macho makavu, mdomo umefungwa. Wanasema nimepigwa na butwaa. Si kweli. Nilikuwa nafikiria Jumatatu. Naandika hili wazi nisije nikajidanganya baadaye.

Sabina, mdogo wangu, ametoka kwake Mbezi. Hakudanganyika. Amenitazama siku nzima.

Ijumaa, 21 Mei

Tumemzika Chanika, kwenye shamba letu.

Kabla jeneza halijafungwa, Sabina alinisukuma mbele. Yeye amekulia mjini, Kimakonde anakisikia kwa mbali.

"Kaka, ongea nae. Sie hatukijui. Alikuwa anakungoja wewe."

Nikafungua mdomo niseme maneno mawili. Nikashindwa kukoma. Nilimweleza yote: mkono, mashine, Kiingereza cha puani, zile jioni. Nilimwomba radhi kwa sauti, mbele ya watu wasioelewa hata neno. Nililia kama mtoto. Halafu kwenye lori nikaanzisha nyimbo za kwao, mimi peke yangu nikijua maneno, wengine wakiitikia walivyoweza. Vumbi, upepo, na mimi naimba. Tulipopita Pugu sauti ilikuwa inapasuka. Kaburini ikakatika kabisa.

Nilijua ninachofanya. Sijuti.

Jumatatu, 24 Mei

Nilikwenda. Wateja wawili, tai, kahawa. Nikavaa kipaza sauti, nikaanza. Nilitoa mkwaruzo. Kompyuta ikaandika vineno visivyohusika, kisha ikatulia, ikisubiri mtu inayemjua. Nikarudia. Hainijui.

Mkurugenzi akawaeleza kwamba nimefiwa na mama. Wakatoa pole. Wakatazama saa. Walipoondoka akaniambia, kwa upole, nikapumzike nyumbani, ataniita. Najua maana yake. Nimekabidhi funguo za kabati.

Nina hofu. Sina neno jingine la kuweka hapa. Veronika alinipakulia, akakaa karibu.

Jumamosi, 29 Mei

Hawajaniita. Nimesikia kuna binti ameshaanza, anachapa kwa kasi. Mashine wameifunika kitambaa.

Jumapili, 6 Juni

Sauti imerudi. Nimeisikia nikikohoa.

Mkeka wa Mama bado uko barazani, hakuna aliyeukunja. Nikakaa juu yake. Nikatoa salamu ya asubuhi kwa Kimakonde, kwa mazoea, kuelekea pale alipokuwa akiegemea. Nikabaki nimetazama ukuta.

Ndani, Veronika alikuwa anachambua mchele. Ungo ukanyamaza. Kisha akaitikia, kwa Kimakonde, jibu lile lile la Mama. Sikujua kwamba zile asubuhi zote alikuwa anasikiliza.

Lafudhi yake mbovu kabisa. Nimemwelewa.