Mbao za Plafo ya Maternite

Lushebere, tarehe 14 mwezi wa tisa 2008

Kwako mutoto wangu Omer, kule Hombo,

Nakusalimia wewe, muke wako Emérita na watoto. Mumeamkaje huko? Homa ya yule mudogo ilipona, ao munaendelea kumupa majani tu? Mimi ningali muzima, na mudomo wangu pia, utauona hapa chini. Siku zote Mamie, mutoto wa jirani, njo anaandika, mimi nasema. Leo nimemufukuza, naandika mwenyewe na herufi zangu za mwaka wa pili. Usicheke. Kaa chini, usome mpaka mwisho.

Habari ya kwanza ni ya maternite yetu, nyumba ya kuzalia. Ile nyumba si ya Leta, hiyo serikali yetu, si ya misheni. Kilima chetu chote njo kilibeba matofali. Sasa imezeeka. Tangu mbao za plafo, dari yote, zipotee mu vita ya 1996, hakuna kitu kati ya vichwa vya wazazi na mabati, na baridi ya huku unaijua. Moto unawaka kutwa, joto linapanda, linagusa bati, linakwenda zake. Mafungu manane ya kuni kwa siku moja. Njo maana tukaweka sheria: mwanamuke anayekuja kuzaa alete kwanza fungu lake. Sasa mwanamuke wa kambi ya waliokimbia vita, mwenye hana hata shamba, atatoa kuni wapi? Anaingia mu musitu, kwa wenye bunduki. Mwezi wa sita mumoja wao, Tuyizere, alizalia njiani, fungu likiwa pembeni yake. Mutoto iko muzima. Lakini mimi njo nilikuwa mukubwa wa kamati, na sheria ilikuwa yangu.

Tukaita mukutano. Wanaume wakasema tutafute watu wa kuongeza kuni. Niliwauliza kama kwao chungu kikitoboka wanaongeza maji. Tukafanya salongo, kazi ya wote bila malipo, wiki tatu: tukaziba matundu yote chini ya paa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukanyoosha milango, tukaondoa mawe matatu ya moto, tukajenga jiko la udongo lenye bomba la moshi. Kuni zikashuka mpaka mafungu matano. Niliringa, sikufichi. Lakini matano bado ni mengi, na sheria ikabaki. Kilichokosekana ni plafo.

Mbao haziko, barabara imefungwa. Kunabaki plafo ya mikeka ya matete, yenye kupakwa udongo, na mwenye anajua kuifunga isianguke juu ya wazazi ni muntu mumoja tu, Papa Edmond, yule aliyekuwa mulinzi wa maternite mbao zilipopotea. Watu wakamukataa. Wakasema aliuza mbao, atauza na matete. Mama Drocella akasema Edmond akiingia tuhesabu hata vitanda, wakacheka wote. Edmond alikuwa amesimama mulangoni. Akavaa kofia yake, akaenda. Vijana wakajaribu bila yeye. Kesho yake kipande kikaanguka juu ya kitanda. Namushukuru Mungu kilikuwa kitupu.

Miaka kumi na mbili wanamuita mwizi. Na wewe pia, Omer. Alipokuja mu ndoa yako, ulimuambia akae inje na sahani yake, na mimi nilikuwa nasikia.

Sasa soma polepole. Mwizi ni mimi.

Baba yako alikufa siku ya pili ya mapigano, karibu watu wote wakiwa wamekimbilia porini, wewe ukiwa Walikale. Mbao za sanduku hazikupatikana. Muntu aliyesimamia ujenzi wa ile nyumba, nimuzike mu mukeka kama muntu wa kuokotwa? Nilikataa. Mimi na mujomba wako tulipanda juu ya vitanda, muchana kweupe, tukang'oa plafo ubao kwa ubao. Upande wa rangi ya buluu tukaugeuza ndani. Nilikuambia nilitoa ng'ombe kwa ajili ya sanduku. Uongo. Ng'ombe alichukuliwa na askari. Watu waliporudi wakamushika Edmond, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia tena.

Jumapili, kisha misa, nilisimama mbele ya watu nikasema yote. Drocella alitazama chini, mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikaenda mpaka kwa Edmond, nikapiga magoti. Akaniambia niinuke.

«Mama Omer, mimi njo nilishika kamba tulipomushusha. Ubao mumoja ulikuwa na ufa, nikaona buluu. Ningesema, wangemufukua.»

Aliniuliza tu matete yalikatwa lini, maana mabichi yanajikunja.

Chumba cha kuzalia kimekwisha. Mafungu mawili yanatosha kutwa, na sheria ya kuni imeondolewa. Mimi pia wameniondoa mu kamati, na wana haki. Nakanyaga udongo na wengine, Edmond ananiambia maji ni mengi, namuitikia.

Wewe usimutumie salamu mu telefone. Njia ikifunguka, kuja. Ukifika usianzie kwangu. Ingia kwake, ukae pale atakapokuonyesha, umuombe musamaha na mudomo wako. Kisha kuja unikasirikie, nitakuwa nimepika.

Watoto wavae vizuri, mvua imeanza. Emérita nimemukumbuka, na majirani wote wanaoniuliza pia. Mungu awalinde barabarani na nyumbani.

Mimi mama yako, aliyeandika na mukono wake,
Sidonie